Chupa Niliyoificha

(Maneno ya fundi seremala, mshirika wa Kigali, aliyoyasema mbele ya meza ya maonyesho siku ya pili ya maadhimisho yetu)

 

Ndugu wa kamati ya jarida hili wamenitaka niandike yale niliyosema Jumamosi jioni. Niliongea bila karatasi, kwa hiyo naandika kama ninavyokumbuka. Na wewe ambaye hukuwepo, uliye Uvira au Kampala au Mwanza au Nairobi, jihesabu kwamba ulikuwa umekaa kiti cha mbele, karibu na wale akina mama waliokuwa wakigawa chai.

Juu ya meza ile palikuwa na vikapu, vitenge, asali ya ndugu zetu wa Kigoma, na mwishoni kabisa chupa moja imelazwa juu ya kibao. Ndani ya chupa mna meli ya matanga, milingoti miwili, bahari ya buluu na mawimbi yake. Watu walipita, wakainama, wakaniuliza swali lile lile: iliingiaje? Kijana mmoja aliapa kwamba nimekata kitako cha chupa nikakibandika tena. Nikampa aipapase. Akapapasa, akanyamaza. Mama mmoja akauliza jingine, kwa sauti ya chini: "Ndugu, hii si ni chupa ya pombe kali?"

Mama, ni yenyewe. Ndiyo maana niliomba dakika ishirini za kusema.

Nianze na lile la kwanza. Meli iliingia kwa mlango, kupitia shingo ya chupa, pale pale pombe ilipotokea. Shingo ile kwa ndani haifiki milimita 20. Meli ikiwa imesimama na matanga yake ina kimo cha sentimita saba. Hesabu haikubali, na meli imo. Sasa sikiliza.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mtu wa Tanga, baharia mstaafu, aliyefuata mke Kigoma akabaki huko. Juu ya kabati lake palikuwa na chupa kama hii. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na chupa ile aliipata wapi hakuniambia, nami nilikuwa na adabu, sikuuliza. Huyo ndiye aliyenifundisha maneno ya chombo: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mkuku ndio uti wa mgongo chini, foromali ni ule mti unaobeba tanga. Alisema mabaharia wa Ulaya walizifanya chupa hizi melini, siku ndefu zisizo na kazi, kwa vipande vya mbao na nyuzi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimwuliza hilo hilo la iliingiaje. Akanyoosha kidole dirishani, ziwani, akasema, "Kama ile."

Ile ilikuwa Liemba. Watu wa Kigoma hamhitaji kuambiwa. Kwa wengine nieleze, maana hata huku Rwanda inatuhusu. Ziwa Tanganyika halina mto unaoweza kupitisha meli kubwa kutoka baharini. Sasa meli ya mita 71 imefikaje? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Pale ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, jina la yule Mjerumani aliyepita katika nchi hii mwaka 1894 akafika kwa mfalme Rwabugiri. Halafu vita. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha walipaka mashine zake mafuta mazito, zisiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba watu, kwa jina la Liemba. Mimi nimepanda. Mama yangu amepanda. Nyanya yangu amepanda.

Hapo mhubiri angeweza kukaa saa mbili. Mimi ni seremala, napita. Na mtumishi wa Mungu kutoka Bukavu alikwisha kutuhubiria asubuhi juu ya meli ya Paulo, ile ya Matendo 27, watu 276 na wote wakafika nchi kavu. Sitarudia.

Ila tofauti ni hii. Liemba iliunganishiwa huko huko ziwani. Hii ya chupa inakamilika yote nje. Kila kitu. Unachonga mwili wa meli kwa mti laini, unapima na shingo kila baada ya msasa. Milingoti nimetengeneza kwa vijiti vya mishikaki, na Kigali ukikosa kijiti cha mshikaki basi hujaishi Kigali. Siri iko kwenye shina la mlingoti: hauchomekwi ukaganda, unafungwa kwa kipande cha waya uliokunjwa, ucheze kama bawaba ya mlango, ulale kuelekea tezi. Nyuzi za ubavuni unazifunga nyuma kidogo ya shina, ili mlingoti ukilala zilegee, ukisimama zikaze zenyewe. Foromali zinazunguka, zinalala sambamba na mlingoti. Tanga ni karatasi, unaligandisha upande wa juu tu, unalikunja. Kisha kutoka kichwa cha kila mlingoti unapitisha uzi mmoja kwenda mbele, unaingia kwenye tundu la kile kijiti kinachochomoza omoni, mlingoti wa maji, unatoka na kuning'inia.

Unavuta uzi, meli inasimama. Unalegeza, inalala. Unafanya hivyo mezani mara hamsini. Kama uzi unakwama, ukwamie mezani. Ukikwamia ndani ya chupa, mkono wako haufiki.

Bahari unaitangulia. Ile patii ya kubandikia vioo vya madirisha, unaichanganya na rangi ya buluu, unaingiza vijidonge kwa waya, unavitandaza. Halafu unangoja. Wengi wanaharibu hapo. Patii mbichi inatoa mvuke, na ukiziba chupa mapema kioo kinaota ukungu kwa ndani, na huo ukungu hutaufuta. Mimi nangoja majuma matatu, msimu wa mvua manne.

Ndipo meli inaingia. Inaingia kinyumenyume, tezi kwanza, milingoti imelala, matanga yamekunjwa, nyuzi zinafuata nyuma kama mkia. Ukiitazama wakati huo ni takataka tu iliyopita shingoni.

Sasa nije kwenye swali la yule mama.

Wengine mnanijua tangu nimeokoka. Wachache mnanijua tangu kabla. Nilifika Kigali nikiwa fundi mzuri, nikapata nafasi Gisozi, kwenye karakana za samani, nikawa napiga vitanda na makabati. Na nilikunywa. Nilianza na urwagwa kama watu wote, nikaishia kwenye vikali. Miaka tisa. Mke wangu alikuwa akipanga bajeti ya nyumba na mimi nilikuwa nikipanga mahali pa kuficha. Mahali pangu pazuri kuliko pote palikuwa stoo, nyuma ya gunia la makaa, kwa sababu mtu akiingiza mkono anajichafua, kwa hiyo hakuna anayeingiza.

Bwana akaniokoa. Ushuhuda huo nimeutoa mara nyingi, mmeuchoka. Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kulitia kwenye ushuhuda: nilipoacha, mikono ilibaki inatetemeka. Si siku mbili tatu. Miezi. Randa niliweza, msumeno niliweza, lakini patasi ndogo ya kuchongea maua ya kitanda ilinishinda. Wateja wakaanza kwenda kwa jirani. Nikiwa nimeokoka kabisa, naimba kwaya, fundi wangu ndani amekufa.

Ndipo nikamkumbuka mzee wa Tanga. Nikajiambia, mikono hii nitaifundisha upya kwa kitu kidogo kuliko maua ya kitanda. Nikaanza kuchonga meli, jioni, karakanani, baada ya wenzangu kuondoka. Mwili wa kwanza niliukata vibaya, wa pili nikaupasua, wa tano ukakubali. Vidole vikaanza kutulia. Sitakuambia ni muujiza wala sitakuambia si muujiza, nakuambia ilichukua miezi minne.

Ikabaki chupa. Chupa za bia hapa ni za rangi na zinarudishwa. Chupa ya maji ni plastiki. Inayofaa ni kioo cheupe, kisafi, kisicho na mapovu, chenye shingo ya kutosha, na chupa ya namna hiyo unaijua inakaa wapi. Nikaenda nyuma ya baa moja, mtaa ambao sitautaja, nikamwomba kijana anayeosha vyombo. Akanipa moja, imebaki na matone chini, kizibo chake juu. Nikaitia kwenye mfuko wa kaki nikaondoka. Ndugu mmoja wa ushirika akaniona natoka. Alinisalimia vizuri tu. Kesho yake wazee wote wanajua.

Lakini si hilo lililonivunja. Nilifika nyumbani na ile chupa. Ningeweza kuiweka mezani nikasema, mke wangu, tazama, nataka kufanya hivi na hivi. Tulikuwa na miaka miwili bila ugomvi. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda stoo, nikaiweka nyuma ya gunia la makaa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilitaka iwe zawadi ya ghafla, ndiyo, hilo nilimwambia kila mtu baadaye. Si uongo, lakini pia si kweli yote. Ukweli ni kwamba miguu ilinipeleka. Kinywa kiliacha pombe, miguu haikuacha stoo.

Mke wangu aliikuta siku ya tatu. Makaa yalikuwa yamepungua. Akafungua kizibo, akanusa. Hakupiga kelele. Niliporudi jioni nikakuta chupa imesimama katikati ya meza ya chakula, peke yake, na nyumba kimya. Alikuwa amechukua watoto na godoro moja, ameenda kwa dada yake Kabuga.

Wazee wakaniita. Nikaenda na chupa mkono mmoja na kimeli mkono mwingine, nikaeleza. Mzee mmoja, Mungu ambariki, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kila mlevi ana hadithi. Hii angalau ina matanga." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini ilinichoma, kwa sababu alikuwa na haki. Katika ile miaka tisa nilitunga hadithi nzuri kuliko hiyo. Wakaamua: sitaimba kwaya, sitashika kipaza sauti, na hiyo meli, kama ipo kweli, waione imeingia.

Nikafanya kazi ile mchana sasa, mlangoni mwa karakana, mbele za watu. Nikaosha chupa kwa maji ya moto na sabuni na mchele mbichi, nikaikausha juani. Nikatandaza bahari. Majuma matatu ya kungoja patii ikauke yalikuwa marefu kuliko ile miaka tisa. Nilimpelekea mke wangu pesa ya chakula kila Jumamosi, dada yake anapokea mlangoni. Kwenye umuganda wa mwisho wa mwezi nilichimba mtaro pamoja na yule ndugu aliyeniona nyuma ya baa. Tulichimba, hatukusemeshana.

Juma la tano, Jumapili baada ya ibada, mke wangu akaja. Akina mama wa maombi walimshawishi. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, chupa katikati yetu. Meli ilikuwa imekwisha kuingia, imegandishwa juu ya bahari, milingoti imelala chali, nyuzi mbili zinaning'inia nje ya shingo. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo wazee hawakuliona wala mimi sikuliona.

"Sikuondoka kwa ajili ya chupa," alisema. "Niliinusa, nikajua ni ya zamani, hujaigusa. Niliondoka kwa ajili ya gunia."

Wewe unayesoma, kama uko ndani ya ndoa na umewahi kuacha kitu, soma hapo mara mbili. Mimi nilikuwa nimejiandaa kujitetea juu ya pombe. Nilikuwa na mashahidi. Juu ya gunia sikuwa na shahidi hata mmoja.

Sikujibu. Nikampa nyuzi. Nikamwambia, vuta polepole.

Nilisahau kumwambia avute mmoja mmoja. Akazivuta zote mbili pamoja. Mlingoti wa mbele ukainuka, foromali zikageuka, matanga yakajikunjua, nyuzi za ubavuni zikakaza kama mzee wa Tanga alivyosema, na wale akina mama wakapiga vigelegele. Mlingoti wa nyuma, ule mabaharia wanaouita galme, ukafika nusu njia, na uzi wake ukakatika.

Ndiyo maana umeinama. Watu wawili watatu waliniambia Jumamosi, fundi, nyuma hapo pamelegea. Nakiri. Usiku ule nilijaribu kuuinua kwa waya wenye kulabu, nikachana tanga, nikaacha. Nikatia tone la gundi pale uzi mzima unapopita kwenye tundu, kesho yake nikakata uliobaki nje kwa kijiti cha udi chenye moto, kama nilivyofundishwa.

Na usidhani alirudi siku ile. Alirudi Alhamisi. Watoto, godoro, na jirani wa kusaidia kubeba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuhamisha gunia la makaa kutoka stoo. Sasa linakaa jikoni, karibu na mlango, na sisi wote tunalikwaa.

Niseme kidogo juu ya yaliyofuata, maana muda umekwisha na mwenyekiti ananitazama.

Jumamosi za umuganda, kazi ya mtaa ikiisha, vijana saba wanakuja karakanani. Wawili kati yao wametoka huko nilikotoka mimi, na umri wao hauzidi ishirini. Chupa tunaziomba waziwazi, zinakaa kwenye kreti mbele ya duka, na mtu yeyote anayepita anaweza kuuliza. Wengine wanauliza kwa ukali. Tunajibu. Mpendwa mmoja wa ushirika anayeishi London alituletea picha ya chupa kubwa iliyotengenezwa na msanii Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Iliwekwa Trafalgar Square mwaka 2010 na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la bahari, Greenwich. Chupa ina urefu wa karibu mita tano, meli ndani yake ni mfano wa ile ya Admirali Nelson, na matanga yake yote 37 ni ya vitenge! Vijana walipoiona wakakataa karatasi siku hiyo hiyo. Nikawaambia kitenge ni kizito, hakikunjiki kwenye shingo ndogo. Wakanithibitishia kwamba mimi ni mzee. Mmoja amefaulu kwa leso nyembamba ya mama yake. Hajamwambia mama yake, na nimemwamuru amwambie.

Jambo la mwisho. Ndugu zetu wa Bujumbura mliona walivyokuwa wachache. Mpaka kati yetu ulifungwa Januari 2024, na wale wanne waliofika walizunguka kwa Kobero, wakavuka Tanzania, wakaingia kwa Rusumo, wakashuka Nyabugogo miguu imevimba. Hao wengine tuliimba nao kwa simu. Tumewatengenezea chupa. Safari hii si meli ya Ulaya, ni jahazi, mlingoti mmoja ulioinamia mbele na foromali ndefu kuliko chombo chenyewe, na imenitesa, kwa sababu ukivuta uzi mlingoti lazima upite wima uendelee kuinama kidogo upande wa pili, na foromali inataka kugonga kioo. Vijana ndio walioipatia dawa.

Jahazi limekwisha kuingia. Limelala. Uzi hatujaukata wala hatujauvuta, tumeuzungushia shingoni mwa chupa na kuufunga kwa utepe. Ndugu wa Bujumbura wanaondoka nayo Jumatatu asubuhi, kwa Rusumo, imefungwa ndani ya blanketi, na nimewaandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: VUTA POLEPOLE. Dada mmoja wao ameniuliza nani atavuta. Nimemwambia waamue huko huko.

 Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.